Nusu Yangu ya Ufunguo

Seva ya kwanza niliyoitunza haikujua kumshuku mtu. Ukiiambia wewe ni fulani, ilikubali na kukufungulia. Ninyi mnaobaki kazini mmekulia kwenye mashine zinazomshuku hata mwenye nyumba, na sasa kwa kuwa nimestaafu na asubuhi zangu ni zangu, naona vyema niwaandikie tulivyoanza. Vyeo na mishahara nitaviruka. Nitaandika kuhusu kazi, kuhusu aliyenifundisha, na kuhusu mtu mmoja niliyemwonea wivu kiasi kwamba mpaka leo nakumbuka rangi za mashati yake.

Nilianza mwaka 1991, katika mradi wa kuchora ramani za maji hapa Kigali. Nilikuwa nimerudi kutoka Dar es Salaam na cheti cha kompyuta, nikaishi tena nyumbani kwetu Biryogo, kwenye kelele za cherehani za baba. Kila asubuhi nilipanda kilima kwa miguu hadi mjini, na njiani kulikuwa na kizuizi cha askari, maana vita vilikuwa vimeanza kule kaskazini mwaka uliotangulia. Askari alichukua kitambulisho changu, akakisoma, akanitazama usoni, akakisoma tena, kisha akaniuliza ninakokwenda kana kwamba jana hakuniuliza. Nikishapita hapo nilifika ofisini na kukaa mbele ya mashine isiyouliza kitu. Mwanzoni nilidhani hiyo ndiyo raha ya kazi.

Aliyenipokea alikuwa fundi mkuu wetu, Muzehe Kabongo, Mzaire wa Bukavu, mtu mnene mwenye miwani miwili, mmoja wa kusomea na mwingine wa kuwatazamia wakubwa.

"Weye njo dada wa Dar?" aliniuliza.

"Ndiyo, Muzehe. Mwajuma."

"Bon. Mtandao umekufa. Ingia chini ya meza, utafute palipokufa."

Mtandao wetu ulikuwa waya mmoja mweusi uliopita chini ya meza zote, kutoka chumba hadi chumba. Mtu akiupiga teke mahali pamoja, ofisi nzima inasimama. Siku yangu ya kwanza niliipitisha kwa magoti, na sketi niliyoshonewa kwa ajili ya siku hiyo, nikigusa kiungio kimoja kimoja. Niliipata hitilafu chini ya meza ya Immaculée, katibu muhtasi, ambaye alikuwa ameukunja waya ili uweze kushikilia mguu wa meza uliokuwa mfupi.

"Nilidhani ni wa simu," alisema.

"Hata ungekuwa wa simu, dada," nikamjibu. Akacheka, tukawa marafiki.

Nilipotoka chini ya meza nikiwa na vumbi hadi nyusi, nilimkuta Muzehe Kabongo amekaa na kijana aliyevaa shati la samawati lililonyooshwa mpaka mikunjo ikakata kama kisu. Muzehe alikuwa na chupa ya chai, na kifuniko cha chupa hiyo ndicho kilichokuwa kikombe cha pili. Kifuniko kilikuwa mkononi mwa kijana yule. Jina lake Vedaste. Alikuwa amesomea Ubelgiji, alikaa mtaa wa Kimisagara, na alikuwa na tabia ya kucheka vichekesho vya Muzehe kabla havijaisha. Muzehe alimwita "mwana". Mimi nilikuwa "dada". Katika miaka yote ile sikuwahi kupewa kifuniko.

Sasa niwaeleze kilichokuwa kinagombewa. Ramani zote zilikaa kwenye seva moja, ndani ya chumba chenye kiyoyozi, na kompyuta nyingine zilizifikia kwa itifaki ya kushirikishana mafaili iitwayo NFS. Kila mtumiaji alikuwa na namba yake na folda yake. Juu ya wote alikuwapo mkuu wa mfumo, mwenye namba sifuri. Aliyejua neno la siri la mkuu aliweza kuingia popote, kufuta chochote, na kufunga au kufungua kila mlango. Neno hilo alilijua Muzehe Kabongo peke yake. Mkataba wake ulikuwa unamalizika mwishoni mwa 1993, na alikuwa amekwisha kutangaza kwamba angemwachia neno hilo mmoja wetu, mimi au Vedaste. Nililitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote kisicholiwa.

Mwaka wa pili nilipata kesi iliyokaribia kunikosesha neno hilo. Jumatatu moja Diregiteri, mkuu wa mradi, aliniita. Mezani kwake palikuwa na ramani ya komini moja, yaani wilaya, ya kusini, na chemchemi zilizohakikiwa kwa miezi zilikuwa zimerudi mahali pa zamani, pasipo sahihi. Faili lilikuwa limebadilishwa Ijumaa mchana. Na aliyelibadilisha, kwa mujibu wa seva, alikuwa mimi.

"Ijumaa mchana nilikuwa msikitini, Bwana Diregiteri. Mtaa mzima wa Nyamirambo uliniona."

"Nyamirambo nzima haifanyi kazi hapa," alisema. "Mashine inasema ni wewe."

Nilitoka pale nikiwa na jibu tayari. Ni Vedaste. Nani mwingine angefaidika nikionekana mzembe kabla Muzehe hajachagua? Nilikwenda moja kwa moja hadi mezani kwake na kumwambia nataka kuikagua kompyuta yake. Alisimama, akapangusa kiti kwa leso.

"Karibu, afande."

Nikaandika amri ya kuiuliza mashine inajitambulisha kwa nani. Ikajibu: vedaste. Nikaandika tena.

"Imebadilisha mawazo?" aliuliza.

Ningeweza kukaa pale siku nzima nikiiuliza. Lakini mtu anayetafuta ukweli hana budi kwenda mpaka chumba cha mwisho, hata kama chumba cha kwanza ndicho alichokipenda. Nikaenda kwa wachoraji. Nikaiuliza kompyuta ya Anastase, mchoraji wa mito. Ikajibu: mwajuma. Ya jirani yake: mwajuma. Nikashuka kwa mhasibu: mwajuma. Nikapanda kwa Immaculée, naye pia alikuwa mimi.

"Anastase," nikasema, "disketi ya kuanzishia uliitoa wapi?"

"Kwa Immaculée."

"Immaculée, wewe?"

"Kwa mhasibu. Yeye aliiazima kwako, ile yake ilipoharibika. Yako inakubali mara ya kwanza, Mwajuma. Iko na baraka."

Ndivyo ilivyokuwa. Disketi yangu ilikuwa na programu ya kuunganisha kompyuta na seva, na ndani yake palikuwa na jina langu na namba yangu. Mhasibu aliazima, akanakili, akarudisha kwa heshima zote. Wengine wakaazima kwake. Kwetu chumvi ikishatoka kwa jirani mmoja kwenda kwa mwingine, hakuna anayerudi kwa mwenyewe wa kwanza kuomba ruhusa tena. Na seva haikuwa na njia ya kujua. Kompyuta iliyosema "mimi ni Mwajuma" ilifunguliwa folda za Mwajuma, basi. Anastase alikuwa amefungua faili la zamani Ijumaa ile, akalihifadhi juu ya jipya bila kujua. Itifaki yenyewe ndiyo ilikuwa imeundwa hivyo, kwa kumwamini anayejitaja.

Vedaste alikuwa amenifuata nyuma chumba hadi chumba. "Ofisi nzima ni Mwajuma!" alisema. "Ningejua, sha, na mimi ningekuwa Mwajuma. Ningekwenda msikitini Ijumaa nikapumzika."

Wote wakacheka. Nami nilicheka, maana nilikuwa nimepona. Lakini jioni ile Diregiteri alitaka maelezo kwa Kifaransa, na Kifaransa changu kilikuwa cha sokoni. Vedaste akaeleza, kwa mpangilio mzuri, akichora mishale ubaoni. Diregiteri akamshika bega: "Bravo, Vedaste." Vedaste alitaja jina langu pia, lazima niseme, mara mbili. Mara ya pili Diregiteri alikuwa ameshafungua mlango.

Muzehe Kabongo alituuliza kesho yake. "Nani alitafuta?"

"Mimi," nikasema.

"Na nani alieleza?"

"Mimi," akasema Vedaste.

"Bon," akasema Muzehe, akamimina chai kwenye kifuniko, akampa Vedaste. Mimi akanipa kompyuta iliyomwagikiwa soda.

Baada ya hapo tulianza kuziba. Wakala wa mashine kule Nairobi alituletea taarifa kwa faksi kwamba kuna tundu jingine, baya zaidi. Nitaeleza kwa ufupi, maana lilikuwa zuri kwa namna yake. Seva ilikataa mgeni yeyote anayejiita namba sifuri, kwa kuwa sifuri ni mkuu. Lakini mtu akijitaja kwa namba kubwa mno, mlinzi wa mlangoni aliona si sifuri, akampitisha. Ndani kulikuwa na nafasi finyu ya kuandikia namba, kwa hiyo namba ile ndefu ilikatwa kichwa, na kilichobaki kilikuwa sifuri. Mgeni anaingia kama nani sijui, anakaa kama mfalme.

Kiraka cha kuziba tundu hilo kilikuja kwa tepu, ndani ya mzigo wa abiria wa ndege. Forodha wakaizuia. Siku zile kaseti zilikuwa na hatari zake, na ofisa alitaka kujua ni ya hotuba au ya nyimbo.

"Ni ya kompyuta," alisema Muzehe.

"Basi tuisikilize."

"Ukiisikiliza, minakuambia, utaumwa meno."

Walijaribu kuiingiza kwenye redio, haikuingia, wakatuachia. Muzehe alikiweka kiraka mwenyewe huku mlango wa chumba cha seva umefungwa, nasi wawili tukiwa tumesimama nje kama watu wanaomsubiri mtu anayejifungua. Nilitazama kama Vedaste anachungulia kwenye kioo cha mlango. Naye alikuwa ananitazama kama mimi nachungulia.

Lakini tepu iliziba tundu moja tu. Ile tabia ya kumwamini kila anayejitaja haikuwa na tepu. Baba yangu alikuwa akikataa kushona kiraka juu ya kitambaa kilichooza, na kazi yetu iliyobaki ilikuwa ya kitambaa chenyewe: kufuta disketi zote zenye jina langu, kumpa kila mtu namba yake, na kuandika kwenye seva ni kompyuta zipi ziruhusiwe kufikia mafaili. Mpaka wakati huo palikuwa wazi kwa mashine yoyote iliyochomekwa kwenye waya. Muzehe alinipa mimi kazi ya kuandika orodha. Nilifurahi nusu siku.

Kompyuta zetu ziliitwa kwa majina ya watu waliozitumia. Kwa hiyo orodha ya kompyuta ilikuwa orodha ya watu, na huo haukuwa wakati wa kuandika watu. Habari ilienea kabla sijaanza. Mkuu wa wachoraji alikuja akauliza kwa nini yeye amewekwa chini ya wadogo wake. Mhasibu aliuliza nani ameachwa, na alipoambiwa hakuna, hakuamini. Immaculée alifunga mlango, akakaa karibu nami.

"Dada yangu, mimi usiniandike."

"Nisipokuandika hutafungua faili hata moja."

"Sawa. Nitaandika kwa taipureta. Siku hizi orodha ziko nyingi, Mwajuma. Anayeandika anajua sababu yake, anayeandikwa hajui."

Nilikwenda kwa Muzehe nikamwambia tubadilishe majina ya kompyuta zote, jina lisiwe la mtu. Vedaste, aliyekuwa pale kama kawaida, akapendekeza maziwa: Kivu, Muhazi, Ruhondo. Wazo zuri, likaniuma kwamba si langu. Siku mbili baadaye watu wa kusini walisema maziwa ya kaskazini yamezidi. Hapo nikapendekeza vyakula, na hakuna aliyepata la kupinga. Kompyuta zikawa maharage, muhogo, mchicha, karoti. Immaculée akawa kitunguu, akakubali kuandikwa. Mgogoro pekee ulikuwa wa watu wawili waliogombea nanasi.

Mlango ukafungwa vizuri, kwa kadiri ulivyoweza kufungwa enzi zile. Muzehe alipita akaisoma kazi yangu, akabadilisha miwani, akasema, "Hii iko sawa." Vedaste alisikia. Nilihakikisha anasikia.

Siku ya Muzehe ya mwisho kabisa alituita wawili kwenye chumba cha seva. Mabegi yake yalikuwa tayari mlangoni. Moyo wangu ulikuwa unapiga kelele kuliko kiyoyozi.

"Batu wawili," alisema, "munaoneana wivu vile wake wenza. Vedaste kila wiki anakuja kunililia hapa."

"Vedaste?" nikasema. "Analilia nini yeye? Yeye ndiye anayepewa chai."

Vedaste alinigeukia, na kwa mara ya kwanza shati lake nililiona limejikunja. "Chai! Wewe anakupa mashine zilizovunjika. Anakupa orodha. Mimi ananipa chai, kama mgeni."

Muzehe alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akatutoa koridoni mmoja mmoja. Mimi alininong'oneza herufi chache, akanifanya nizirudie. Kisha akamwita Vedaste. Aliporudi akasema neno la siri ni moja, mimi nina mwanzo wake, Vedaste ana mwisho wake, na hakuna atakayefungua seva bila mwenzake kukaa kando.

"Na tukiambiana?" akauliza Vedaste.

"Mungekuwa marafiki mungeambiana," alisema Muzehe. "Njo maana nimewachagua nyie."

Akachukua mabegi, akaenda kupanda gari la Cyangugu, kwenye mpaka wa kwao Bukavu.

Mapema 1994 kilikuja kiraka kingine kwa tepu, na tuliketi wawili mbele ya seva. Niliandika nusu yangu, Vedaste akiwa amegeuza uso dirishani. Kisha nikamwachia kibodi, nikageuza uso wangu. Macho yanageuka, masikio hayageuki. Nilisikia vidole vyake vikigonga zaidi ya vyangu.

"Yako ndefu," nikasema.

"Huo ni wivu."

"Ndiyo. Yako ndefu. Amekupa nyingi zaidi."

"Siku utakayoacha wivu nitakutajia," alisema.

"Basi hutanitajia."

"Basi sitakutajia," akasema, na seva ikafunguka. Tuliweka kiraka, tukaijaribu seva kwa zile namba ndefu, ikazikataa. Tulifanya kazi vizuri pamoja. Sikuwahi kumwambia.

Ya mwezi wa nne, ya mauaji, sitayaandika hapa. Mimi nilikuwa Biryogo, na watu wa Biryogo walinihifadhi. Vedaste alikuwa Kimisagara, na hakupata wa kumhifadhi. Immaculée, aliyenusurika, ndiye aliyeniambia, na aliniambia tukiwa tumesimama, kwa maneno machache, kisha tukazungumza habari nyingine.

Mwishoni mwa mwaka huo nilirudi ofisini. Waporaji walikuwa wamechukua viti, viyoyozi, hata vitasa. Seva waliiacha sakafuni, nadhani walidhani ni friji isiyo na mlango. Niliazima skrini, nikasubiri umeme. Mtu mmoja wa ofisi mpya aliyesimama nyuma yangu aliniuliza kama naweza kuifungua, nikasema naweza. Nilijua njia ya dharura ambayo Muzehe alitufundisha wote wawili: unaiwasha kwa tepu ya kuanzishia, unafuta neno la siri la mkuu bila kulijua, unaweka jipya. Lile la zamani halionekani. Linafutika lote, nusu zote mbili.

Nikafanya hivyo. Mafaili yalikuwapo, chemchemi zote mahali pake. Mashine ikaniomba neno jipya. Nikaandika herufi zangu, zile za koridoni, kwa kuwa vidole vilikuwa vimekwisha kuanza. Ikajibu kwamba neno hilo ni fupi mno, niweke refu zaidi.

Nikaondoa mikono kwenye kibodi, nikageuza uso dirishani, nikasubiri.